Alama Kwenye Kwapa la Pampu

Mwashi ukimuuliza kazi yake atakuonyesha ukuta. Fundi cherehani atakuonyesha shati ulilovaa. Taratibu Mdogo hakuwa na cha kuonyesha isipokuwa uwazi.

Alikuwa fundi wa violezo katika kiwanda cha kusubu chuma. Kazi yake ilikuwa kutengeneza, kwa aluminiamu, umbo kamili la kitu kinachotakiwa: gurudumu, mguu wa benchi, mwili wa pampu. Umbo hilo ndilo kiolezo. Huzikwa ndani ya mchanga wenye unyevu, mchanga ukashindiliwa mpaka ukashikamana kama tofali, kisha kikatolewa. Pale kilipolala hubaki uwazi wenye sura yake, na ndani ya uwazi huo humiminwa chuma kilichoyeyuka. Chuma kikipoa ndicho kinachokwenda kwa watu. Kiolezo hurudi kwenye rafu, kikafutwa vumbi, kikasubiri kuzikwa tena.

“Kwa hiyo unachonga vitu ili wavizike,” mama yake alimwambia siku ya kwanza alipojaribu kumweleza. “Na baba yako hivyohivyo. Kumbe niliolewa na mchimba kaburi, huku najisifu nimepata fundi.”

Baba yake ndiye aliyekuwa Taratibu wa kwanza. Alifanya kazi katika chumba kilekile, kwenye meza ileile iliyobonyea katikati, na jiriwa ileile iliyobana vitu vingi mpaka meno yake yakalainika. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu alipiga tupa kama mtu anayembembeleza mtoto alale, na hakuna msimamizi aliyewahi kumharakisha akafaulu. Alifariki kwa ugonjwa wa kifua, binti yake akiwa bado anavaa sare ya shule. Aliacha kabati la zana, koti la kazi, na picha moja ukutani, amesimama wima kama nguzo, mikono kaificha nyuma. Binti alipokuja kuajiriwa palepale, hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina jipya.

Mbali na jina, alirithi vidole. Wakati wa likizo baba alikuwa akimkalisha uani, akampa kipande cha aluminiamu na tupa ndogo, akamfundisha kwamba jicho ni shahidi anayehongeka. Uso wa kiolezo hukaguliwa kwa kidole. Palipo na bonde jembamba kama unywele, kidole kitapaona. Lakini si kidole gumba, alisisitiza, wala cha shahada. “Hivyo vina kiburi,” alikuwa akisema. “Vimezoea kubeba, vimeota sugu. Tumia cha mwisho. Cha mwisho hakijui kazi, kwa hiyo hakina sababu ya kudanganya.”

Kwa hiyo chumba kizima cha violezo kilikagua kwa gumba, naye peke yake akakagua kwa kidole cha mwisho, kama mtu anayeonja asali kwa siri. Walimtania wakachoka. Yeye aliamini ameachiwa siri ya ufundi, akainyamazia, maana hata hivyo hakuwa mtu wa maneno mengi.

Kulikuwa na mambo mengine ya kazi hiyo ambayo mama yake hakuyasamehe. Rula yao, kwa mfano. Chuma kikipoa husinyaa, hivyo rula ya fundi wa violezo ni ndefu kidogo kuliko rula za watu, ili kinachosinyaa kifikie kipimo. Mama aliwahi kuiazima kabatini apimie mapazia. Mapazia yakaburura sakafuni, na tangu siku hiyo mgeni akiyakanyaga, mama husema tu, “Usijali, yalipimwa na waongo.”

Sasa, pampu ya mkono ndiyo iliyokuwa bidhaa ya zamani kuliko zote pale kiwandani. Kiolezo chake alikitengeneza Taratibu mwenyewe, binti yake hajazaliwa. Chini ya mdomo wa pampu, pale mdomo unapoungana na mwili, kuna kona ya ndani ambayo kiwanda kizima kiliiita kwapa. Kwa miaka na miaka kwapa hilo halikuwa na neno. Kisha kiwanda kikanunua mashine ya kushindilia mchanga, inayoshindilia na kunyanyua kiolezo yenyewe, na pampu zikaanza kurudi. Zilikuwa zinavuja kwapani.

Msimamizi, mwanaume mwenye sauti ya radi na moyo wa siagi, alikibeba kiolezo mwenyewe mpaka mezani kwa Taratibu Mdogo. Akaeleza kwamba kila mashine inaponyanyua, mchanga unachubuka pale chini ya mdomo, chembe zinaangukia ndani, na chuma kinatoka na vitundu. Mashine ameshaikagua, haina kosa. Kiolezo ndicho kina kitu.

“Kitafute kitu hicho,” alisema. “Watu wanasubiri maji huko. Nauza pampu mimi, siuzi chujio.”

Taratibu Mdogo akakifunga kwenye jiriwa, akavua miwani, akafumba macho. Kidole cha mwisho kilishuka shingoni mwa pampu, kikapita mahali mdomo unapoanza, kikaingia kwapani, kikaanguka. Kilianguka kidogo sana, mahali ambapo pasingestahili kuwa na shimo. Alidhani ni kutu ya aluminiamu, au tone la mchomeleaji. Akavaa miwani, akavuta taa karibu, akachukua na kioo cha kukuzia.

Ndani ya bonde lile mlikuwa na mistari. Ilikuwa myembamba, imezungukana, imepangana kama matuta ya shamba dogo linaloonekana kutoka mlimani. Na kukatisha matuta hayo, toka ukingo hadi ukingo, ulipita mfereji mmoja uliopinda.

Alikaa chini. Mfereji ule aliujua. Alikuwa ameushika kila alipovushwa barabara akiwa mtoto. Ulikuwa kovu la kidole gumba cha mkono wa kulia wa baba yake, kovu lililoshonwa upogo, na yeye alikuwa akilifuata kwa ukucha wakati baba anasoma gazeti.

Jinsi lilivyofika pale hakuhitaji kuelezwa. Kabla ya kiolezo cha aluminiamu, fundi huchonga kwanza cha mbao. Kona za ndani za mbao hujazwa nta, na nta hubanwa kwa kidole ili ilale vizuri. Kisha humwagiwa plasta kutengeneza kalibu, na ndani ya kalibu hiyo ndipo huingia aluminiamu. Plasta haina adabu ya kusahau, hunakili hata unywele ulioanguka. Chochote kilichobaki kwenye nta kitatokea kwenye metali, mpaka tupa na msasa vije kukifuta. Hapa havikuja. Baba yake, mtu aliyeweza kuchelewa kula kwa ajili ya mkwaruzo ambao hakuna mwingine aliyeuona, aliacha kidole chake kizima chini ya mdomo wa pampu.

Wazo jingine lilimjia akiwa anatoka getini, likamsimamisha katikati ya njia. Kama kiko kwenye kiolezo, basi kilizikwa kwenye kila mchanga. Na kama kilizikwa kwenye kila mchanga, kiko kwenye kila pampu.

Pampu ya kwanza ilikuwa nyuma ya shule. Alichuchumaa, akapenyeza mkono chini ya mdomo. Mistari haikuwepo, mchanga wa kusubia chuma una chembe kubwa, hauwezi kubeba kitu chembamba hivyo. Lakini bonde lilikuwepo, na mfereji uliopinda ulikuwepo, laini kwa maji ya miaka. Gumba lake likaingia humo likapwaya, kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha mzazi.

“Dada, umepoteza nini humo?” aliuliza mwanamke mwenye ndoo.

“Hapana, naangalia tu.”

“Haya. Ukimaliza kuangalia, sisi tunataka maji.”

Akaomba radhi, akaondoka uso unamwaka, akaenda kwenye pampu nyingine. Alama ilikuwepo. Akaenda ya kituo cha afya, iliyopakwa rangi ya buluu. Chini ya rangi, ilikuwepo. Jioni ile alitembea mpaka viatu vikamuuma, na kila alipokuta pampu ya kiwanda chao alisubiri watu wapungue ndipo achuchumae. Alikuwa amekua akiamini kwamba baba yake hakuacha mkono wowote duniani, hata kwenye picha. Kumbe mikono ilikuwa nje muda wote, imejaa mitaani, na watoto wa watu walikuwa wakinywa maji chini yake bila kujua nani amewashikia. Alisimama kando ya pampu ya mwisho, wakati taa za maduka zinawashwa, akahisi kile mtu anachohisi akiinua macho usiku na kukumbuka kwamba nyota haziishii pale anapoona.

Na dawa yake, yeye fundi, alikuwa anaijua. Unajaza bonde kwa risasi ya kulehemu, unapiga tupa, unapiga msasa, unakagua. Asubuhi moja haiishi. Mashine itanyanyua, mchanga hautachubuka, pampu hazitavuja, na kidole cha baba yake kitakuwa kimefutwa pale kilipokuwa kinatoka. Kuanzia hapo hakitazaliwa tena.

Kwa hiyo hakufanya chochote. Msimamizi alipouliza, alisema bado anakagua. Msimamizi akatikisa kichwa, akasema wiki ikiisha pampu lazima zianze kutoka, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa bado inasikika chumba cha pili, kwamba anamwamini.

Kulikuwa na jambo moja lililomsumbua. Kwa miaka yote kabla ya mashine, mchanga haukuwahi kuchubuka. Mtu pekee aliyeweza kueleza hilo ni mshindilia mchanga wa zamani, ambaye watu walimwita Mzee Shindilia, na Taratibu Mdogo alimwita baba mkubwa kwa kuwa baba yake alimwita kaka. Alikuwa amestaafu. Alimkuta uani kwake akiosha vyombo, mikono imezama povuni, akilalamika kwamba mke wake amekwenda msibani akamwachia masufuria ya ukoo mzima.

Akamweleza habari ya mashine na kwapa. Alipotamka neno kwapa, mzee alitoa mikono majini, akaikausha kwenye suruali, kidole kimoja kimoja.

“Umemwona,” alisema.

“Wewe ulijua?”

“Tangu siku ya kwanza. Nilikizika kile kiolezo, nikakinyanyua, mchanga ukachubuka. Nikakigeuza. Nikaona kidole cha mwenzangu kinanitazama.”

Akachukua kifuniko cha sufuria na bakuli, akaonyesha. Ukikinyanyua kiolezo wima, ukingo wa lile bonde unakwangua mchanga. Ukikilaza kushoto kidogo kwanza, ndipo ukinyanyue, kinatoka kama unavyomtoa mtoto kitandani asiamke. Alifanya hivyo tangu siku ile mpaka alipostaafu. Hakumfundisha mtu. Wengine walipotaka kuzika kiolezo cha pampu, alikuwa mkali, wakadhani ni uchoyo wa mzee.

“Si ungemwambia tu akifute, baba mkubwa.”

Mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na hapo ndipo akamsimulia jambo ambalo nyumbani kwao halikuwahi kusimuliwa. Patasi ilimkata baba yake mpaka mfupa. Kidonda kilipona, lakini gumba likafa ganzi. Na fundi wa violezo mwenye gumba la ganzi ni kama mwonjaji asiye na ulimi. Msimamizi wa zama hizo alikuwa mtu wa kumfukuza mtu kwa kukohoa. Taratibu akarudi kazini na kovu lake, akasema amepona, na kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kiolezo cha pampu. Akabana nta kwa kidole kisichohisi, akakagua kwa kidole kilekile, akakuta pote laini.

“Mshtakiwa akajihukumu mwenyewe, akajikuta hana hatia,” alisema Mzee Shindilia. Akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. “Ningekirudisha, wangeuliza imekuwaje. Wangemshika mkono wauangalie. Nikaona afadhali mimi niiname kushoto. Hainigharimu kitu. Kila asubuhi nilikuwa kama nampa mkono.”

“Na hukumwambia chochote, maisha yote?”

“Nilimwambia kimoja. Nilimwambia, Taratibu, gumba lina kiburi. Jaribu kidole cha mwisho.”

Taratibu Mdogo aliangalia mkono wake mwenyewe, uliokuwa umelala pajani. Kile kidole chembamba, alichokuwa amekitunza kama siri ya ufundi, kilikuwa kimeanzia hapa, kwenye huruma ya mtu wa mchanga aliyetaka kumwonya rafiki yake bila kumwaibisha. Kikapita kwa baba yake, aliyekipokea bila kuuliza sababu. Kikafika uani kwao, siku za likizo, kwa mtoto. Alishika kitambaa akaanza kukausha masufuria, na mzee akamwacha.

Alipokuwa anaaga, mzee aliuliza kama ile mashine haiwezi kufundishwa kuinama kushoto. Akajibu kwamba haiwezi, inajua juu na chini tu.

“Basi,” alisema mzee.

Kesho yake, kwa sababu mikono yake ilihitaji kufanya kitu, alikoroga plasta kidogo akaimimina ndani ya lile bonde. Ilipokauka akaing'oa. Bonde ni kidole kilichozama, kwa hiyo kilichotoka kilikuwa kidole chenyewe: gumba jeupe, nene, lenye mistari yote na kovu limesimama kama uzi. Akalifunga kwenye leso, akalipeleka nyumbani.

Mama alikuwa anakunja nguo. Alilipokea, akaligeuza, na hakuuliza ni la nani.

Akamweleza habari ya kiolezo na pampu zilizojaa mitaani, na alipofika kwenye ganzi, mama akamkatisha. Alijua. Aliwahi kumwona mume wake akishika sufuria lililotoka jikoni, gumba limelala juu ya chuma, anazungumza habari za majirani bila wasiwasi, mpaka yeye mama akasikia harufu ya ngozi inayoungua. Aliliondoa sufuria mkononi mwake akaendelea na mazungumzo. Baba alijua kwamba mama ameona. Hawakuwahi kulisema. Tangu siku hiyo mama ndiye aliyeshika vitu vya moto nyumbani, na watu wakamsema kwamba anamdekeza mumewe.

“Lakini hili la baridi,” alisema, akiliweka gumba la plasta juu ya nguo. “Yeye hakuwa wa baridi. Ile pampu ya mtaa wa pili ni ya kwenu?”

Wakatoka na ndoo, ingawa nyumbani maji yalikuwepo. Hapakuwa na foleni. Taratibu Mdogo akashika mpini akaanza kupiga, na mama akainama, akapeleka mkono chini ya mdomo, akatafuta. Alipopata, akatulia. Maji yakaja, yakamlowesha mpaka kiwikoni, ndoo ikajaa ikafurika, na hakuna aliyeiondoa. Mama alikuwa amechota kwenye pampu ile tangu alipokuwa bibi harusi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyegundua kwamba chumba alichokuwa akilala peke yake miaka yote kilikuwa na mwenzake kimya upande wa pili.

“Angejua,” alisema mwishowe, “angeona haya mpaka leo.”

“Angekifuta?”

“Kabla ya chai.” Akatoa mkono, akaukung'uta maji. “Hizi zilizokwisha kutoka, Mungu kamsitiri, ziache. Hicho kilicho mezani kwako ni kazi yake haijaisha. Kimalizie. Mtu anayesubiri maji hana shida na kidole cha mume wangu.”

Waliporudi, mama alichukua lile gumba la plasta akalisimamisha juu ya kabati, chini ya picha ukutani. “Haya,” akaiambia picha. “Sasa toa mikono nyuma.”

Asubuhi iliyofuata Taratibu Mdogo aliyeyusha risasi. Ilitiririka kwapani iking'aa, ikafuata mistari kwanza, mmoja baada ya mwingine, kama maji yanayoingia shambani, kisha ikaujaza mfereji, kisha pote pakawa sawa. Akapiga tupa polepole, kwa mwendo aliofundishwa. Akapiga msasa. Akafumba macho akapitisha kidole cha mwisho, shingoni, mdomoni, kwapani. Hakikuanguka popote.

Alimwomba msimamizi ruhusa Mzee Shindilia aje kuona. Mzee alikuja amechomekea shati. Walisimama pamoja mashine ilipoporomosha mchanga, ikashindilia, ikanyanyua kiolezo wima kabisa, bila kuinama. Na chini yake uwazi ulibaki mzima, kona zote kali, kama pampu iliyotengenezwa kwa giza. Hata Taratibu Mdogo, aliyeuona uwazi kila siku, alisogea kuutazama. Kisha chuma kikaletwa kutoka tanuruni. Watu wa pale wamekizoea, lakini kikianza kumiminwa hunyamaza wote, msimamizi naye, kwa sababu ni vigumu kuzungumza mbele ya kitu cheupe namna ile. Kikaingia ndani ya mchanga na mwanga wake wote, na mchanga ukafumba.

Baadaye, pampu ilipotolewa na kukung'utwa, mzee alikuwa wa kwanza kuisogelea. Alipeleka mkono chini ya mdomo. Alikagua kwa kidole cha mwisho, bila haraka, akaenda mpaka ndani kabisa, akarudi.

“Basi,” alisema. “Naye amestaafu.”

Msimamizi akauliza ni nani aliyestaafu. Taratibu Mdogo alikuwa ameweka mkono wake karibu na wa mzee, pale kwapani palipokuwa laini, na chuma kilikuwa bado kina joto.